Vumbi la Katani, Kinga ya Mwili na Neno "Mchochota": Sura ya Historia ya Istilahi Kutoka Pwani ya Tanga

Utangulizi

Hebu tuitazame sentensi hii: "Chembechembe za vumbi zikiingia mapafuni huziamsha chembechembe nyeupe za damu, nazo chembechembe hizo hutoa chembechembe nyingine ambazo huleta uvimbe." Sarufi yake haina kosa, na kila neno lililomo ni la Kiswahili. Hata hivyo, msomaji wa kawaida akiisoma atauliza maswali mawili ambayo sentensi yenyewe haiwezi kuyajibu. Chembechembe zipi zinamwamsha nani? Na uvimbe huo uko wapi, mbona hauonekani?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo la sentensi hiyo halitokani na uvivu wa mfasiri. Linatokana na sisi sote kuyaachia maneno mawili, yaani "chembe" na "uvimbe", yabebe mizigo mingi kupita nguvu zao. Ili hoja hii isibaki angani, tutafuata historia ya zao moja katika mkoa mmoja: mkonge wa Tanga. Tumechagua mkonge kwa sababu mbili. Kwanza, ni zao ambalo vumbi lake limevutwa na vizazi kadhaa vya wafanyakazi, na kupimwa na madaktari. Pili, ni zao ambalo wananchi wenyewe waliliundia msamiati wake bila kungojea kamati yoyote. Kwa hiyo historia hiyo ina funzo la afya na funzo la lugha kwa pamoja.

Mkonge na majina yake

Mkonge tunaoujua leo ni mgeni. Asili yake ni Yucatán, nchini Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Ujerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche hiyo ilipitia bandari ya Hamburg, na ilipofika Tanga ni 62 tu iliyokuwa hai. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yalienea Muheza, Korogwe na kando ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo huo wa 1893. Kufikia mwaka 1913 nchi ilikuwa ikiuza nje zaidi ya tani 20,000 za nyuzi kwa mwaka. Kilele kilifikiwa mwaka 1964, yapata tani 230,000, na Tanganyika ikawa muuzaji mkuu wa zao hilo duniani. Baadaye kamba za plastiki zililipunguzia zao hilo soko na mashamba mengi yakadhoofika, ingawa kazi ya mkonge haikukoma.

Mmea ulikuwa mgeni, lakini jina lake halikuwa geni. Pwani ilikuwa na mkonge wake wa porini, wenye majani marefu mazito, ambao nyuzi zake zilisokotwa kamba. Wenyeji walipouona mmea wa Hindorf, wakatambua kwamba kazi yake ni ile ile, wakaupa jina la ndugu yake wa nyumbani. Nyuzi zilizokaushwa nazo ziliitwa katani. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa "kitani", ile nguo tunayoisoma katika tafsiri za Biblia. Katika asili yake linahusu mmea mwingine kabisa, lakini lilihamishwa kwa sababu lilibeba dhana iliyotakiwa: nyuzi za mmea zinazosokotwa na kufumwa. Neno hili tutalirudia, kwa maana lina siri yake.

Mashine ya kuchakata majani, iliyotoka Ujerumani kwa jina la kibiashara Corona, ikawa "korona", na kwa watu wa mashambani korona ni banda zima la mashine hiyo pamoja na kazi yake. Mwaka 2020, jina hilo hilo lilipoletwa nchini kuwa jina la ugonjwa, Tanga ilikuwa imekwisha kulitumia kwa miaka mingi kuwa jina la mahali pa kazi. Wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka mbali, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, waliitwa "manamba", kutokana na namba walizopewa. Hivyo ndivyo msamiati wa zao zima ulivyojengwa: kwa kuhamisha, kwa kutohoa na kwa kuunda, njia zile zile ambazo wanaistilahi huzieleza darasani.

Lakini jambo moja halikupewa jina. Vumbi lililofunika nyusi na mabega ya mtu wa chumba cha brashi liliitwa "vumbi" tu, na kikohozi kilichotokana nalo kiliitwa "kikohozi" au "kifua". Watu waliokuwa na neno kwa kila sehemu ya kazi hawakuwa na neno kwa kile ambacho kazi iliwafanyia ndani ya miili yao.

Kutoka korona hadi chumba cha brashi

Yafaa tuieleze kazi yenyewe, kwa sababu hatari haiko sawa katika hatua zote. Majani hukatwa shambani, hufungwa mafungu na kupelekwa korona. Huko husagwa na kukwanguliwa kwa maji mengi hadi nyama ya jani iondoke na nyuzi zibaki. Hapa hakuna vumbi jingi, maana kila kitu kimelowa. Kisha nyuzi huanikwa juani. Zikikauka hupelekwa kwenye mashine za brashi, ambazo huzichana ili ziwe laini na zing'ae, na mwisho hushindiliwa kuwa marobota.

Ni katika kuchana ndipo vumbi linapotimka. Na vumbi hilo si udongo. Ni vipande vya nyuzi na masalio ya nyama ya jani yaliyogandia juu yake. Pamoja nayo ni mabaki ya viumbe vidogo, yaani bakteria na kuvu, vilivyostawi katika majani mabichi na katika unyevunyevu. Kwa hiyo maji ya korona yanayozuia vumbi asubuhi hulea kile kitakachopanda hewani siku nyingine, nyuzi zikisha kauka. Neno "vumbi" halituambii lolote kati ya hayo.

Ugonjwa wa Jumatatu

Elimu ya magonjwa ya vumbi la mimea ni ya zamani. Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, na humo aliwaeleza wachanaji wa kitani na katani waliokuwa wakikohoa kwa sababu ya vumbi la kazi yao. Katika viwanda vya pamba vya Uingereza ilionekana baadaye kwamba wafanyakazi walibanwa na kifua hasa siku ya Jumatatu, waliporudi kazini baada ya mapumziko, kisha wakapata nafuu kadiri juma lilivyoendelea. Katika miaka ya 1950 daktari Richard Schilling aliweka madaraja ya ugonjwa huo: kutoka kwa mtu anayebanwa Jumatatu tu hadi kwa yule anayebanwa kila siku na ambaye mapafu yake yamekwisha kudhoofika.

Ugonjwa huo madaktari huuita bisinosisi, jina lililobuniwa na daktari wa Kifaransa Adrien Proust mwaka 1877. Alilichukua katika neno la Kiyunani lenye maana ya kitani safi. Hapa ndipo siri ya neno "katani" inapofunuka. Jina la kitaalamu, likivuliwa vazi lake la Kiyunani, linasema "ugonjwa wa kitani". Pwani yetu ilikuwa na neno la jamii hiyo hiyo kinywani mwake, nalo lilitajwa kila siku katika mashamba yale yale. Lingeweza kuitwa "ugonjwa wa katani" siku yoyote, na kila mtu wa Tanga angejua linasemwa nini.

Je, mkonge huleta ugonjwa huo kama pamba? Kwa muda mrefu wataalamu hawakuafikiana. Mwaka 1958 Hugh Stott alichapisha uchunguzi kuhusu magonjwa ya mapafu miongoni mwa wafanyakazi wa mkonge. Mwaka 1962 watafiti wa Uingereza, Schilling akiwa mmoja wao, walilinganisha athari za vumbi la pamba, la mkonge na la juti katika nguvu ya pumzi ya wafanyakazi. Kwa upande wa Tanzania, uchunguzi wenye uzito mkubwa ni ule wa K. Y. Mustafa na wenzake, uliochapishwa mwaka 1978. Waliwapima wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania, wakakuta kwamba dalili za ugonjwa huo zilikuwa nyingi zaidi kwa watu wa brashi kuliko kwa watu wa kusokota. Mwaka 2007 Akwilina Kayumba, pamoja na wenzake wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walichapisha taarifa kuhusu dalili za njia ya hewa kwa wafanyakazi wa mkonge nchini. Mwaka 2011 wakachapisha nyingine, iliyoonyesha kupungua kwa nguvu ya mapafu.

Msomaji atazame tarehe hizo. Kati ya miche 62 ya Hindorf na uchunguzi wa mwaka 1978 ilipita miaka 85. Katika muda huo wote manamba aliyebanwa na kifua alimaliza mkataba wake, akapanda gari moshi na kurudi kwao. Kikohozi chake kilikwenda naye mahali ambapo hakuna aliyejua chumba cha brashi ni nini. Ugonjwa usiokuwa na jina hauandikwi katika daftari, na usioandikwa hauhesabiwi.

Mwiba na askari wa mwili

Sasa tuingie katika kiini cha elimu yenyewe: kwa nini vumbi, kitu kisicho na uhai, liufanye mwili kuwaka kana kwamba umevamiwa na adui?

Mtu yeyote aliyekata mkonge anajua ncha ya jani ilivyo. Ni mwiba mgumu, mweusi, mkali kama sindano. Ukimchoma mtu kidole, baada ya muda kidole hicho huwa chekundu, hupata joto, huvimba na huuma. Alama hizo nne ziliorodheshwa na Mrumi Celsus katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na hadi leo wanafunzi wa tiba huanza nazo. Kuvimba ni alama moja tu kati ya nne. Hili tuliweke akilini.

Mwaka 1882, katika mji wa Messina, Sicilia, mwanasayansi mzaliwa wa himaya ya Urusi, Élie Metchnikoff, alichoma miiba midogo katika miili miangavu ya viluwiluwi vya kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kesho yake alipotazama kwa hadubini alikuta mwiba umezingirwa na seli zilizotoka sehemu nyingine za mwili, zikijaribu kuumeza. Kutokana na jambo hilo alijenga nadharia kwamba mwili una seli ambazo kazi yake ni kumeza na kuyeyusha vitu vigeni. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel, akishirikiana na Paul Ehrlich.

Seli kama hizo zimo ndani ya mapafu yetu. Wataalamu huziita makrofaji. Hutambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa, mahali ambapo hewa na damu hukaribiana, na kila kitu kigeni kinachotua humo hukimeza. Kwa kawaida hufanya kazi hii kimya kimya, na mwenye mwili hana habari.

Vumbi hufanya nini ndani ya mapafu

Si vumbi lote linalofika huko. Unywele wa binadamu una unene wa yapata mikromita 70, yaani sehemu 70 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, zikatoka kwa chafya na makamasi. Chembe zisizozidi mikromita 10 hupenya hadi katika mirija ya kifua. Zile zisizozidi mikromita 2.5 huweza kufika katika vifuko vya hewa. Kwa hiyo vumbi tunaloliona likielea katika mwali wa jua si lazima liwe ndilo la kuogopwa zaidi. Lile lisiloonekana ndilo linalokwenda mbali.

Makrofaji ikiimeza chembe ya vumbi, mambo mawili yanaweza kutokea. Ikiwa chembe ni safi na inayeyuka, kazi huishia hapo. Lakini ikiwa chembe ina makali, au haiyeyuki, au imebeba sumu, seli hutoa kemikali ambazo tunaweza kuziita vijumbe, maana kazi yake ni kupeleka habari. Vijumbe hivyo huifanya mishipa midogo ya damu ipanuke na kuvuja, na huziita seli nyeupe za aina nyingine zitoke katika damu na kuingia mapafuni. Hizo nazo humwaga kemikali kali zinazokusudiwa kuua viumbe vya maradhi. Ukuta wa mrija wa hewa hunenepa, ute huongezeka, misuli inayouzunguka mrija hukaza. Hicho ndicho kifua kubana.

Kwa upande wa vumbi la mimea, mkosaji mmojawapo mkubwa ametambuliwa. Ni endotoksini, masalio ya ukuta wa nje wa bakteria wa aina fulani. Mwaka 1987 ilichapishwa Marekani taarifa ya majaribio ambamo watu walivutishwa vumbi la pamba lililopimwa. Ilionekana kwamba kupungua kwa pumzi zao kulifuata wingi wa endotoksini, wala hakukufuata wingi wa vumbi lenyewe. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler nchini Marekani lilionyesha kipokezi cha seli kinachoitambua endotoksini, na ugunduzi huo ulimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Hivyo seli inapomeza vumbi lenye endotoksini, hudhani imekutana na bakteria walio hai, ikapiga mbiu ya vita. Bakteria mwenyewe amekufa siku nyingi, lakini vita vinapiganwa, na uwanja wa vita ni pafu la mtu.

Aina nyingine ya vumbi hufanya vivyo hivyo kwa njia yake. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba vumbi la silika na la asbesto, baada ya kumezwa, huamsha ndani ya seli mtambo wa protini unaotengeneza vijumbe vikali vya mchochota. Seli hushindwa kulisaga jiwe, hufa, na jiwe lile lile humezwa na seli nyingine. Mzunguko hauna mwisho hata kama mfanyakazi amekwisha kuacha kazi.

Maneno yetu na mizigo yake

Baada ya maelezo hayo tunaweza kuyapima maneno yetu.

Neno la kwanza ni "chembe". Kwa asili ni kipande kidogo sana cha kitu: chembe ya mchele, chembe ya mchanga. Elimu ya viumbe ilipoanza kufundishwa kwa Kiswahili, na hasa baada ya mwaka 1967 Kiswahili kilipokuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania, lilitumika pia kwa kipande kidogo cha mwili chenye uhai, mara nyingine likiitwa "chembe hai". Watu wengi hadi leo husema "chembechembe nyeupe za damu". Tatizo halikuonekana mpaka ilipobidi kueleza chembe moja inavyoimeza nyingine. Hapo mlaji na mliwa wana jina moja. Neno "seli", lililokubaliwa katika kamusi za sayansi kama ile ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, linatuokoa. Wapo wanaolilaumu kwa sababu ni la kutoholewa. Lakini "korona" na "manamba" nayo yametoholewa, na hakuna mtu wa Tanga aliyeshindwa kuyatumia.

Neno la pili ni "uvimbe". Hili linatumika kwa mambo matatu: kuvimba kwa kidole kilichochomwa, donda linaloota mwilini kama vile saratani, na ile hali nzima ya alama nne za Celsus. Katika kidole halina madhara makubwa, kwa sababu uvimbe unaonekana. Katika mapafu linapotosha. Mfanyakazi akiambiwa kwamba vumbi "huleta uvimbe wa mapafu", atajipapasa kifua asikute kitu, aseme mimi mzima. Au atadhani ana saratani, akae nyumbani kwa hofu. Hali zote mbili ni hasara, na zimeletwa na neno.

Kiswahili kina neno lingine, nalo ni "mchochota". Limetokana na kuchochota, yaani kuwasha na kuchoma. Limo katika kamusi zetu, na limetumika kwa magonjwa kama mchochota wa mapafu. Uzuri wake ni kwamba halihitaji jicho. Linataja mwako unaohisiwa ndani, hali inayotendeka, wala si umbo linaloonekana. Mtu aliyebanwa na kifua siku ya Jumatatu haoni uvimbe wowote, lakini mchochota anaujua.

Neno la tatu ni "kinga". Katika miaka ya 1980, lilipoundwa neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, nchi nzima ilijifunza kwamba kinga ni askari wa mwili, na kwamba kupungukiwa nayo ni balaa. Funzo hilo lilikuwa la kweli na liliokoa watu. Hata hivyo liliacha dhana kwamba kinga ikiwa nyingi ndipo afya ilivyo njema. Vumbi la katani linatufundisha upande wa pili. Askari anayepigana ndani ya nyumba kila siku, hata kama adui hayupo, atavunja vyombo vya mwenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hapa tunaweza kusema ki kifuani mwako, nacho ni mlinzi wako mwenyewe aliyedanganywa na vumbi.

Kwa nini jambo hili si la wanaistilahi peke yao

Mwaka 1980 Shirika la Kazi Duniani lilirekebisha orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyo katika Mkataba Na. 121. Katika orodha hiyo, magonjwa ya mapafu yanayoletwa na vumbi la pamba, kitani, katani na mkonge yametajwa waziwazi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba kuna mtumishi wa serikali ambaye itambidi aandike kwa Kiswahili kwamba mtu fulani ana ugonjwa fulani uliotokana na vumbi fulani, na kuna msomaji ambaye fidia yake itategemea maneno hayo. Akiandika "kikohozi cha vumbi" ameandika dalili. Akiandika "uvimbe wa mapafu" ameandika jambo lisilothibitika.

Wala jambo hili halikuishia chumba cha brashi. Katika Mkoa wa Tanga leo kuna vumbi la saruji na la machimbo ya mawe ya chokaa upande wa Pongwe, kuna moshi wa kuni na mkaa majikoni, kuna moshi wa magari barabarani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha mwaka kinachopendekezwa kwa chembe zisizozidi mikromita 2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Mwalimu wa sekondari ya Muheza au Pangani atakayetaka kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini mama apikaye katika jiko lisilo na dirisha hukohoa, atahitaji maneno yale yale ambayo mtu wa mkonge aliyakosa.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano, nayo yajadiliwe na wenye ujuzi.

(1) "Chembe" ibaki jina la kipande kisicho na uhai, kama chembe ya vumbi. Kile chenye uhai kiitwe "seli", na tuseme "seli nyeupe za damu".

(2) "Mchochota" iwe istilahi ya hali nzima ya mwako wa mwili, na "uvimbe" ubaki alama yake mojawapo, yaani kule kuvimba kunakoonekana.

(3) Makrofaji, pamoja na jina hilo la kutoholewa, iitwe "kimeza chembe" katika maandishi ya umma, kwa kufuata mtindo wa "kinasa sauti" na "kipima joto".

(4) Vumbi litajwe kwa mahali linapofika: "vumbi la pua", "vumbi la kifua" na "vumbi la mapafu". Mgawanyo huu unalingana na ule unaotumiwa na wapimaji wa hewa viwandani, na hauhitaji maelezo marefu.

(5) Bisinosisi iitwe "ugonjwa wa katani", iwe umetokana na pamba, kitani au mkonge.

Sasa tuirudie sentensi ya mwanzo: "Vumbi la mapafu likiingia, huziamsha seli zinazolimeza, nazo hutoa vijumbe vinavyoleta mchochota." Ni fupi kuliko ile ya kwanza, na mtu wa brashi ataielewa akisomewa mara moja.

Hitimisho

Wazee waliouita mmea wa Yucatán kwa jina la mmea wa nyumbani hawakuwa wamesomea istilahi. Walitazama kitu kinafanya kazi gani, wakakipa jina la kazi hiyo. Hiyo ndiyo kanuni tunayoihitaji kwa mambo yasiyoonekana kwa macho. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yuko pia mtu ambaye hakuyaficha maradhi yake, ila alikosa neno la kuyatajia. Mtu huyo alifanya kazi Tanga kwa zaidi ya miaka mia moja. Deni lake kwetu ni dogo: tuyaite mambo yaliyompata kwa majina yake.